Robota lililorudishwa getini: uchambuzi wa kisa cha kikundi cha waokota makopo

Kisa hiki kinahusu kikundi cha watu wanaookota makopo, yaani chupa tupu za maji na soda. Majina, eneo, kiwanda na viwango vya pesa nimeviondoa ili wahusika wasijulikane. Nakiandika kwa ajili ya vikundi vingine vinavyotaka kupita njia hiyo hiyo, na pia kwa wale wanaokuja na mradi mkononi kutaka kusaidia, maana nimeona mara nyingi watu wanakimbilia kununua mashine kabla hawajaelewa pesa inaingilia wapi. Chupa ikishanyweka inatupwa bure, kisha huko mbele kuna mtu analipa pesa ya maana kuipata, na katikati hapo ndo pa kuangalia.

Walivyokuwa mwanzo

Kikundi kilikuwa na watu kama 30, wengi kina mama, na vijana wachache wa kubeba. Kila mtu anaokota kivyake, dampo, kwenye mitaro, pembeni ya barabara, kwenye kumbi asubuhi baada ya sherehe, halafu jioni wanakutana kwa dalali, anapima, analipa keshi palepale, watu wanaenda kupika. Kwenye kiroba kimoja unakuta chupa nyeupe zinazoonyesha, za bluu, za kijani, za mafuta ya kula, za sabuni, na hakuna aliyeona shida kwa sababu bei ilikuwa moja.

Chupa ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20 tu, kwa hiyo kilo moja ni kuinama mara 50 mpaka 100. Naomba hiyo hesabu ikae kichwani, ukiisahau hutaelewa kwa nini watu hawa wana hasira sana na mzani.

Maana dalali alikuwa na kato. Kila kiroba anakata kilo kadhaa kwa kukisia, anasema ni maji na mchanga, na kweli mara nyingine maji na mchanga vilikuwemo. Shida ni kwamba aliyeleta chupa safi alikatwa sawasawa na aliyeleta chafu, basi yule wa safi naye akaanza kuacha maji ndani ya chupa ili kufidia kato, dalali akagundua akaongeza kato, nao wakaongeza mchanga. Ilifika mahali hakuna anayeamini kiroba cha mwenzake wala mzani wa mwenzake, na wote wawili wanapata hasara, kwa sababu dalali naye huko mbele alikuwa anakatwa na kiwanda kwa sababu hiyo hiyo.

Safari ya kwanza kiwandani

Katibu wa kikundi alipata bei ya kiwanda kupitia dereva mmoja, na tofauti ilikuwa kubwa, zaidi ya mara mbili ya bei ya dalali. Kikao kikakaa usiku huo huo, wakakubaliana kumruka dalali. Hawakuwa na sababu ya kusubiri, kwa hesabu ya juu juu kila kilo waliyompa ilikuwa pesa yao inaondoka.

Wakakusanya mzigo wiki kadhaa, wakakodi lori, likajaa mpaka turubai halifungi. Walipopima kiwandani uzito ukawa mdogo kupita walivyotegemea. Chupa zisizobanwa ni hewa tupu, kwenye nafasi ya mita moja ya ujazo zinakaa kilo 20 hadi 30 hivi, kwa hiyo walikuwa wamelipa nauli ya kusafirisha upepo. Nauli ikala karibu faida yote, na bei nzuri waliyoifuata ikawa sawa tu na ile ya dalali, tena baada ya kusubiri malipo wiki nzima na zaidi.

Wakajifunza haraka. Safari ya pili waliazima mashine ya kubana kutoka kwa jirani mmoja mwenye biashara ya maboksi, wakafunga marobota, na sasa lori moja lilibeba uzito wa malori kadhaa ya ule mtindo wa kwanza. Hapo kila mtu aliona mambo yameiva.

Mzigo uliokataliwa

Kiwanda kilikuwa na utaratibu wa kufungua robota moja la kubahatisha kabla ya kushusha. Wakakata waya, wakamwaga sakafuni, na ndani zikatoka chupa zenye mafuta, chupa mbili tatu za kijani katikati ya nyeupe, maji yanachuruzika, na chupa kadhaa za PVC, yaani plastiki ya aina nyingine. Msimamizi wa ubora hakuangalia robota la pili. Lori zima likarudishwa getini, na wale watu wakiwa na deni la nauli ilibidi warudi na mzigo uleule kwa dalali waliyemruka, akawapa bei ya kukomoa.

Kilichookoa kisa hiki ni kwamba mama mmoja, ndiye mweka hazina, hakuondoka getini. Alimsubiri yule msimamizi mpaka akatoka, akamwomba amwonyeshe kosa lilikuwa nini hasa, na yule bwana kwa uungwana wake akamrudisha ndani. Akamwonyesha bonge la plastiki limetoka kwenye mashine siku za nyuma, rangi ya manjano, ndani yake vidoa vyeusi vimetapakaa. Akamweleza: chupa za maji ni PET, inayeyuka kwenye joto la kama nyuzi 250 hadi 260, lakini PVC haifiki huko, inaanza kuharibika mapema na kutoa asidi, ile asidi inakatakata PET iliyo jirani yake na zile sehemu zilizoungua ndo vile vidoa. Chupa chache zinatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Mama akauliza swali ambalo kila mtu angeuliza, kwa nini msizitoe wenyewe na mna mashine kubwa hivi? Jibu lilikuwa kwamba matangi yao yanatenganisha kwa maji. Vifuniko vinaelea kwa sababu plastiki yake ni nyepesi kuliko maji, PET inazama kwa kuwa uzito wake ni kama mara 1.38 ya maji, sawa, hapo inajitenga vizuri. Ila PVC nayo uzito wake ni karibu huo huo, inazama pamoja nayo, maji hayazitenganishi. Vipo vifaa vya mwanga vya kuitambua, kiwanda kile hakikuwa navyo.

Halafu akamfundisha jicho. Pindua chupa uangalie kitako. PET ina kidoti katikati, pale plastiki ilipoingilia kwenye kalibu. Chupa ya PVC haina kidoti, ina mstari wa maungio umekatiza kitako. Ukiwa bado na shaka ikunje kwa nguvu, PVC inaacha alama nyeupe kwenye mkunjo. Somo lote halikuchukua muda mrefu, na kwa maoni yangu lilikuwa na faida kuliko semina zote nilizowahi kuona zikiandaliwa kwa vikundi vya aina hii.

Maamuzi na sababu zake

Walikaa vikao vingi baada ya hapo na si vyote vilikuwa vya amani. Yaliyoamuliwa ni haya.

Kwanza meza. Wakatengeneza meza ndefu ya mbao chini ya bati, kila chupa inapita mikononi, inapinduliwa kitako, inaenda kwenye fungu lake: nyeupe, bluu ya mbali, kijani, na fungu la kutupa. Sababu ya rangi ni rahisi, nyeupe unaweza kuitia rangi yoyote baadaye au kuirudisha kuwa chupa tena, kijani inabaki kijani, kwa hiyo wanunuzi wake ni wachache na bei yake inashuka.

Pili, kila robota lilifungwa na kitambaa chenye namba ya zamu iliyolichambua. Wengine walipinga wakaona ni kama kufuatiliwa. Mweka hazina akasema kiwanda kikikuta PVC tunataka kujua tuongee na nani, bila hivyo tunagombana wote. Ikapita kwa tofauti ya kura chache tu.

Tatu, malipo kwa daraja. Aliyeleta chupa safi na kavu analipwa zaidi ya aliyeleta chafu, na kato la kukisia likafutwa kabisa, kiroba kinamwagwa mezani mbele ya mwenyewe, kinachotoka ndo kinachopimwa. Maji kwenye chupa yaliisha ndani ya muda mfupi sana, kwa vile hayakuwa na faida tena kwa mtu yeyote.

Nne, walikataa kununua mashine ya kusaga, na hili ndo lilileta mabishano makubwa. Kulikuwa na mkopo tayari mezani. Hoja ya waliotaka ilikuwa na mantiki, chupa zikisagwa zinabeba uzito mkubwa zaidi kwenye lori na bei ya chenga iko juu ya bei ya chupa nzima. Lakini mama wa hazina alikuwa ameshauliza kiwandani, akaambiwa kwamba chenga za kikundi kisichojulikana hawazitaki au watazichukua kwa bei ya chini, kwa sababu chupa nzima unaiona kwa macho ni nini, ikishasagwa PVC na PET na uchafu vyote vinafanana, mpaka upime maabara. Yaani mashine ingewafanya wauze kitu ambacho mnunuzi hawezi kukihakiki, wakati jina lao getini lilikuwa bado limeharibika.

Tano, na wengi hawakulitegemea, walirudi kwa dalali kuongea. Kulikuwa na tatizo ambalo meza haikulitatua: kiwanda kinalipa baada ya wiki tatu nne, na muokotaji anahitaji pesa leo jioni. Watu wazuri kabisa, wenye chupa safi, walikuwa wanapita mlango wa kikundi wanakwenda kwa dalali kwa bei ndogo kwa sababu pale wanaondoka na keshi, na huwezi kumlaumu mzazi kwa hilo. Makubaliano yakawa kwamba dalali anatoa pesa ya kila siku na lori, kikundi kinachambua na kubana, mzigo unaingia kiwandani kwa jina la kikundi, faida inagawanywa kwa mkataba ulioandikwa.

Bei ilipoporomoka

Mambo yalikwenda vizuri kwa miezi kadhaa, mzigo haukukataliwa tena, kiwanda kikaacha hata kufungua robota kila safari. Halafu bei ikashuka, ghafla na sana, bila wao kukosea chochote. Plastiki mpya inatokana na mafuta ya petroli na gesi, na mafuta yakishuka plastiki mpya inakuwa rahisi, mteja wa kiwanda anayetengeneza nyuzi za vitambaa anajiuliza kwa nini anunue iliyotumika wakati mpya ni ya bei hiyo hiyo na haina usumbufu. Hilo lilitokea duniani mwaka 2014 hadi 2016 na tena 2020, na kila linapotokea kishindo kinashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa anayeinama.

Kikundi kiliamua kuhifadhi marobota ya nyeupe na kuuza ya rangi kwa bei yoyote. Sababu yao ilikuwa nyeupe ina wanunuzi wa aina nyingi kwa hiyo itarudi mapema. Sehemu waliyohifadhi chini ya bati ilibaki nzuri. Marobota yaliyokosa nafasi yakalala nje juani na vumbini, ya juu yakapauka na kushika uchafu, baadaye yakashushwa daraja. Mtu wa kufunika turubai hakuteuliwa, kila mmoja alidhani mwenzake atafunika.

Matokeo

Bei ilirudi, haikufika ilipokuwa. Kikundi kilimaliza kipindi kile kikiwa hai na bila deni, ambapo kama wangechukua ule mkopo wa mashine sioni wangelipa na nini. Theluthi hivi ya wanachama waliondoka, wengi wao wakati malipo ya kila siku yalipopunguzwa. Waliobaki wanapata kwa kilo karibu mara moja na nusu ya walichokuwa wanapata zamani kwa dalali, na dalali mwenyewe anapata zaidi ya zamani pia kwa sababu hakatwi tena getini.

Uchambuzi: pesa iliingilia wapi

Ukiifuata chupa moja kutoka mtaroni mpaka getini, plastiki yenyewe haijabadilika hata chembe. Ni PET ileile iliyopewa hataza mwaka 1941 na wakemia wawili wa Uingereza, Whinfield na Dickson, na ikaanza kuwa chupa ya soda baada ya hataza ya Nathaniel Wyeth ya mwaka 1973. Hakuna aliyeiyeyusha wala kuisaga njiani, na bado bei yake imepanda zaidi ya mara mbili. Kilichopungua njiani ni mashaka ya mnunuzi. Kiwanda kikilipa zaidi kwa robota lililopita mezani, kinalipia kutokuwa na wasiwasi kwamba mashine itatoa bonge la manjano. Kinalipia pia uhakika wa mzigo ujao, maana mtambo ukisimama kwa kukosa malighafi hasara yake ni kubwa kuliko tofauti ya bei ya kilo. Ndo maana lile lori lililokataliwa lilikuwa na chupa nzuri nyingi tu lakini thamani yake ikawa karibu na sifuri, chupa nzuri ambayo huwezi kuithibitisha inauzwa kama mbaya.

Kitu cha pili kinacholipiwa ni kungoja. Nilipoanza kukifuatilia kisa hiki hata mimi nilimwona dalali kama watu wengi wanavyowaona madalali, mtu wa katikati anayekula jasho la wengine, na kato lake la kukisia kweli lilikuwa dhuluma. Ila pesa ya jioni ileile ni huduma halisi, kuna mtu amefunga mtaji wake wiki nne ili mwingine ale leo. Miradi inayokuja kumuondoa dalali bila kuweka kitu cha kubeba hiyo nafasi inakufa, na chupa zinarudi kwake zenyewe.

Kilichofanya kazi zaidi kwa mtazamo wangu ni kumwaga kiroba mbele ya mwenyewe. Meza bila hilo ingekuwa kazi ya bure. Watu walidhani uchafu ni tabia ya waokotaji, kumbe ulikuwa jibu la kato, kato lilipoondoka uchafu ukaondoka bila hotuba yoyote.

Kilichoshindikana, mbali na turubai, ni jinsi walivyotumia nguvu za watu miezi ya mwanzo. Baada ya kurudishwa waliogopa kila kitu, wakawa wanakata kwa kisu hata ile pete inayobaki shingoni mwa chupa baada ya kufungua. Kina mama walikaa masaa na vidole vimekatika, kwa kitu ambacho tangi la kiwanda linakielesha lenyewe bila gharama. Kufungua kifuniko kuna maana, hewa isipotoka chupa haibaniki, na vifuniko vikikusanywa peke yake vina mnunuzi wake. Pete haina maana. Waliacha pale walipouliza tena kiwandani, na hiyo kuuliza tena ingefanyika wiki ya kwanza ingeokoa jasho jingi. Kazi ya ziada inaongeza thamani pale tu inapofanya kile mnunuzi asichoweza kukifanya mwenyewe kwa urahisi.

Kuna mambo yaliyo juu ya uwezo wa kikundi chochote, na hapa sheria ndo inaamua. Mwaka 2018 China ilifunga mlango kwa taka nyingi za plastiki kutoka nje, nchi ambayo tangu 1992 ilikuwa imepokea karibu nusu ya taka zote za plastiki zilizouzwa kati ya nchi na nchi, na mizigo iliyokuwa na bei jana ikawa haina pa kwenda. Upande mwingine, Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2019 kwamba chupa za vinywaji za PET ziwe na angalau asilimia 25 ya plastiki iliyotumika kufikia 2025, na chupa zote za vinywaji za plastiki asilimia 30 kufikia 2030, na hapo mnunuzi anakuwepo hata mafuta yakishuka kwa sababu hana ruhusa ya kutumia mpya peke yake. Ujerumani waliweka amana kwenye chupa za kutumia mara moja tangu 2003, mtu anadai pesa yake anaporudisha, na zaidi ya asilimia 90 zinarudi. Kule chupa ina thamani kabla hata haijanyweka, haisubiri mtu wa kuinama. Bila sheria za namna hiyo dunia ndo hii tuliyo nayo, utafiti uliotoka 2017 ulikadiria kwamba kati ya taka zote za plastiki zilizozalishwa mpaka 2015 ni kama asilimia 9 tu ziliwahi kurudishwa kiwandani.

Ambalo kisa hiki hakikulimaliza ni mgawanyo. Bei getini ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya zamani ya dalali, muokotaji akapata nyongeza ya nusu tu juu ya alichokuwa nacho, kilichobaki kikaenda kwenye meza, waya, lori, gharama ya mtaji wa dalali na posho za viongozi. Sehemu kubwa inaeleweka. Posho za viongozi zilipangwa wakati bei iko juu na hazikushushwa ilipoporomoka, wakati malipo ya waokotaji yalishushwa wiki ileile, na waliokuwa wanaondoka walilitaja hilo waziwazi kwenye kikao. Kikundi kinachotaka kuiga mfano huu kiandike mapema kwenye katiba yake kwamba bei ikishuka inashuka kwa wote kwa kiwango kimoja, na kiandike kabla robota la kwanza halijafungwa, kwa sababu baada ya hapo wanaofaidika ndo wanaoshika kalamu.